Kabla ya kumtafuta chuma ulete, hesabu droo

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Kazi yetu ni kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wa Dodoma kuweka hesabu zao sawa, na kinachotusukuma kuandika ni frem zinazofungwa. Pita Nkuhungu, Ilazo, Kisasa, Nzuguni mpaka Ihumwa. Frem iliyokuwa duka la nguo mwezi wa kwanza, mwezi wa saba ni saluni, na mwezi wa kumi na mbili ina kufuli na karatasi yenye namba ya dalali. Ukimuuliza aliyefunga, atakwambia mtaji ulikuwa mdogo, au hela mtaani imekuwa ngumu, au atapunguza sauti na kukutajia chuma ulete, yule anayedaiwa kuvuta hela za droo kichawi.

Wateja wapo. Serikali ilianza kuhamia hapa mwaka 2016, Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, na mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kushusha abiria kutoka Dar es Salaam. Mji unakua na watu wanakula, wanavaa, wananyoa. Tunachokiona kwenye madaftari, pale daftari linapokuwepo, ni kwamba sehemu kubwa ya mtaji ilishatumika kabla mteja wa kwanza hajaingia, na kilichobaki kiliendelea kuliwa kidogo kidogo huku mwenyewe akidhani anapata faida.

Tuonyeshe kwa tarakimu. Chukua duka la mahitaji ya nyumbani, lile la sukari, unga, mafuta na sabuni, linaloanzishwa kwa shilingi milioni 5. Bei ni za mfano, kila mtu aweke za mtaani kwake. Frem ni 150,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita: 900,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja: 150,000. Shelfu na kaunta za kuchomelea: 700,000. Friji: 950,000. Rangi, bango na kuvuta umeme: 300,000. Leseni na mengineyo ya usajili: 200,000. Jumla ni 3,200,000. Zinazobaki kununulia mzigo ni 1,800,000.

Mzigo huo tuseme unaisha na kurudi kila baada ya siku 15. Maana yake kila siku zinatoka bidhaa zilizonunuliwa kwa 120,000. Bidhaa za aina hii faida yake ni nyembamba, tuweke wastani wa asilimia 10 juu ya bei ya kununulia. Faida ya siku, kabla ya gharama, ni 12,000. Sasa toa gharama: msaidizi 4,000, umeme na usafi 2,000, chakula na nauli ya mwenye duka 5,000. Hizo ni 11,000, na inabaki 1,000. Mwenye duka anaiona hiyo 1,000 na kusema biashara changa, itakua tu. Lakini kodi ya frem nayo ni 5,000 kila siku iendayo kwa Mungu. Kwa kuwa aliilipa mbele, haipo kwenye mawazo yake wala kwenye daftari lake.

Miezi sita inafika. Mwenye nyumba anataka 900,000 nyingine. Kilichojikusanya, kama hakikuguswa, ni 180,000. Zinazopungua, 720,000, zinatoka wapi? Kwenye shelfu. Mzigo wa 1,800,000 unashuka hadi 1,080,000. Ukizunguka kwa kasi ileile unaleta faida ya 7,200 kwa siku, dhidi ya gharama za 11,000 bila kodi. Kuanzia hapo kila siku inakula mtaji waziwazi. Bidhaa zinaanza kukosekana, mteja anaulizia sukari anaambiwa njoo kesho, na kesho anakwenda duka la jirani. Ndiyo maana duka linaweza kuonekana zima miezi sita, kisha likafa ndani ya miezi miwili au mitatu. Hakuna kilichobadilika ghafla. Lilikuwa linakufa tangu siku lilipofunguliwa.

Milioni 5 hizohizo zingeweza kugawanywa hivi: mzigo 3,000,000, kodi ya miezi mitatu 450,000 na dalali 150,000, shelfu za mbao 350,000, leseni 200,000, bango na umeme 150,000. Inabaki 700,000 ya akiba isiyoguswa. Friji haipo kwenye orodha kwa makusudi. Kampuni za vinywaji huwapa wauzaji friji kwa mkataba, kwa sharti la kuweka vinywaji vyao tu humo, na duka likishajulikana hulikosi hilo. Mzigo wa 3,000,000 ukizunguka kwa siku 15 unatoa faida ya 20,000 kwa siku. Toa gharama 16,000, kodi ikiwemo, na inabaki 4,000 ambayo kweli ni yako. Mtaji ni uleule, mtaa ni uleule, wateja ni walewale. Kilichotofautiana ni kiasi kilichokwenda kwenye kuta na kiasi kilichokwenda kwenye bidhaa.

Tunawasihi wanaoanza: fanyeni hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kumpa dalali hata shilingi. Jumlisha gharama zote za siku, kodi ikiwemo, zidisha kwa 100, gawa kwa asilimia ya faida yako juu ya bei ya kununulia. Gharama 16,000 na faida ya asilimia 10 inakupa 160,000. Hiyo ndiyo thamani ya bidhaa zinazotakiwa kutoka kila siku ili usipate wala usipoteze. Kisha kaa karibu na hiyo frem siku tatu, moja ya katikati ya wiki, moja ya Jumamosi, moja ya wiki ya mshahara, uhesabu wanaoingia kwenye duka linalofanana na lako asubuhi, saa kumi jioni na saa mbili usiku. Kama duka lililozoeleka halifiki kiwango chako, lako geni halitafika.

Kuna kosa la kupanga bei ambalo tunakutana nalo hata kwa wasomi. Mtu amenunua kiatu kwa 10,000, ameongeza asilimia 20, anakiuza 12,000. Mteja anaomba punguzo, naye anasema nimeweka 20, nikimwachia 20 nitakuwa nimerudisha hela yangu. Asilimia 20 ya 12,000 ni 2,400. Anauza 9,600 na amepoteza 400, bado hajagusa nauli ya kuleta mzigo kutoka Kariakoo. Asilimia unayoongeza inahesabiwa juu ya bei ya kununulia, na asilimia unayopunguza inahesabiwa juu ya bei ya kuuzia. Kwa kiatu hicho mwisho wa kupunguza ni 2,000 kamili, ukijumlisha nauli ni chini ya hapo. Andika kwa penseli nyuma ya lebo bei ya mwisho usiyoivuka, ili hata msaidizi aijue.

Sasa tuje kwenye droo, maana ndiko chuma ulete anakosingiziwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kweli hupotea hivyo. Kufunga hesabu ya siku hakuhitaji kompyuta wala elimu ya uhasibu. Kunahitaji mambo sita yaliyoandikwa kila jioni kabla ya kufunga mlango: salio la asubuhi, mauzo ya taslimu, madeni yaliyolipwa leo, manunuzi yaliyolipwa kutoka droo, matumizi ya duka, na posho ya mwenye duka. Tuseme asubuhi droo ilikuwa na 50,000. Mauzo ya taslimu 137,000. Mdaiwa mmoja kaleta 12,000. Jumla 199,000. Mkate na maziwa vimelipiwa 24,000, umeme 5,000, posho 10,000. Jumla ya zilizotoka 39,000. Droo inatakiwa kuwa na 160,000. Ukihesabu ukakuta 148,500, zimepotea 11,500, na unajua zimepotea leo, kati ya saa moja asubuhi na saa tatu usiku. Hapo unaweza kukumbuka: unga kilo mbili alizochukua mama mdogo akasema ataleta, vocha ya simu yako, chenji ya noti ya 10,000 iliyotolewa mara mbili. Usipofunga kila siku, baada ya mwezi unakuta pengo la laki tatu na huna pa kuanzia kukumbuka. Pengo lisiloelezeka ndilo linalopewa jina.

Ili namba hiyo ya mauzo iwe ya kweli, kila mauzo yaandikwe wakati ule ule, si kukadiriwa jioni kwa kuangalia droo. Anayekadiria mauzo kutoka kwenye hela aliyonayo hawezi kamwe kugundua upungufu. Mauzo ya lipa namba yawe na safu yake, yalinganishwe na ujumbe wa simu, na yasitumwe kwenye laini ya matumizi ya nyumbani. Bidhaa unazochukua kwenda kupika ziandikwe kwa bei ya kununulia kama sehemu ya posho. Kilo moja ya sukari, lita ya mafuta na sabuni kila wiki si vitu vya kudharau kwenye duka lenye faida ya 4,000 kwa siku.

Wengi huongeza uwakala wa fedha za simu ndani ya duka, na ni jambo jema kwa sababu huleta watu. Kosa ni kuweka hela ya wakala na ya duka kwenye droo moja. Floti, yaani hela ya kufanyia uwakala, haiongezeki wala kupungua, inabadilika sura tu. Kama umeweka milioni 1 ya uwakala, basi kila jioni taslimu ya wakala ukijumlisha na salio la laini zote lazima iwe milioni 1, ukiacha kamisheni, ambayo huhesabiwa peke yake. Ikiwa 985,000, kuna muamala umekosewa au hela imenunuliwa mkate. Kwa droo mbili utalijua hilo siku hiyohiyo. Kwa droo moja utakuja kulijua siku mteja anapotaka kutoa laki nne na huna.

Mtaji ukianza kukauka, mlango wa karibu kabisa ni mikopo ya kausha damu, na hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini. Mtu anapewa 500,000, anatakiwa kurejesha 20,000 kila siku kwa siku 30, yaani 600,000. Anaambiwa riba ni asilimia 20 tu. Tuiweke kwenye duka letu. Mzigo wa 500,000 ukizunguka mara mbili kwa mwezi kwa faida ya asilimia 10 huleta 100,000. Hiyo yote ni riba, hata kodi ya frem haijaguswa. Na hata hiyo 100,000 haipatikani, kwa sababu 500,000 hukai nayo mwezi mzima. Unairejesha kila siku, kwa hiyo kwa wastani uliyonayo mkononi ni kama nusu yake, na nusu huleta 50,000. Zilizobaki 50,000 zinatoka kwenye mzigo wako wa zamani. Mwezi wa pili unakopa tena kuziba pengo. Biashara inayoweza kubeba marejesho ya kila siku ni ile ambayo mzigo wake unaisha kila siku kwa faida kubwa, kama mboga au chipsi, na hata huko ni kwa shida. Mkopeshaji yeyote aulizwe leseni yake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na asipewe kadi ya benki wala kitambulisho akae nacho.

Tuhamie kwenye usindikaji, maana kanda yetu hii ya Dodoma na Singida ni ya alizeti na vijana wengi wanaingia huko. Kosa kubwa ni kupanga bei ya lita kwa maneno ya kusikia. Mtu anaambiwa gunia linatoa lita 20. Gunia la kilo 65 analinunua kwa 65,000, anagawa kwa 20, anapata 3,250. Anauza lita 3,600 na kujihesabia faida ya 350.

Tupime gunia lenyewe. Mashine ndogo ya kukamua, kwa mbegu za kawaida, tuseme inatoa mafuta asilimia 24 ya uzito. Kilo 65 zinatoa kilo 15.6. Lita moja ya mafuta ya alizeti haifiki kilo moja, ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo kilo 15.6 ni kama lita 17. Mashudu, yaani mabaki ya mbegu zilizokamuliwa, ni kama kilo 45. Ongeza sasa gharama: kukamua 5,000, usafiri na ushuru 3,000, chupa na lebo 17 kwa 400 kila moja, 6,800. Ukijumlisha na gunia ni 79,800. Uza mashudu kwa 400 kwa kilo upate 18,000. Zinabaki 61,800, gawa kwa lita 17: kila lita imekugharimu 3,635. Kwa bei ya 3,600 unapoteza 35 kila chupa inayotoka, na kadiri unavyouza sana ndivyo unavyopoteza sana. Bado hujahesabu muda wako, wala chupa zinazovuja njiani, wala tope linalobaki chini ya pipa mafuta yakitulia.

Kiwango cha mafuta hubadilika kwa sababu zinazojulikana. Mbegu zilizochanganyika hutoa kidogo kuliko chotara. Mbegu mbichi hukuongezea kilo za maji kwenye mzani. Gunia lisilopepetwa lina makapi na mchanga. Skrubu ya mashine iliyochakaa huacha mafuta kwenye mashudu, ukiyakamata kiganjani yanabaki na utelezi. Kwa hiyo kabla ya kununua magunia 50, kamua gunia moja la mkulima huyohuyo kwenye mashine hiyohiyo, pima mbegu, pima mafuta, pima mashudu, andika. Nunua kwa kilo kwenye mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Kununua kwa gunia ni kununua kwa macho, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, licha ya kwamba imekatazwa, humuumiza mkulima leo na kukuharibia hesabu wewe kesho. Kisha kuna suala la msimu. Alizeti huvunwa kuanzia Mei, na bei huwa chini wakati wa mavuno. Aliyemaliza hela kwenye kununua mashine mwezi wa nne anafika mavunoni mikono mitupu, mashine inakaa, na ananunua mbegu mwezi wa kumi na moja kwa bei ambayo haimuachii kitu. Mwenye hela kidogo angeanza kwa kukamulisha kwenye mashine ya mtu, hela yake ikae kwenye mbegu.

Kosa hilohilo la kusahau muda ndilo linaloua mabanda ya kuku wa mayai. Kuku hufika wiki ya 18 hadi 20 ndipo aanze kutaga. Mpaka hapo kila mmoja amekula kilo 7 hadi 8 za chakula. Vifaranga 200 watahitaji kama kilo 1,500, yaani mifuko 30 ya kilo 50, kabla yai la kwanza halijaonekana. Mtu anayetumia hela yote kujenga banda na kununua vifaranga hufika wiki ya kumi akiwa hana chakula, anaanza kupunguza au kuchanganya pumba, na kuku waliodumaa wakati huo hawatagi vizuri hata ukiwalisha baadaye. Nunua vifaranga kwa idadi ya mifuko unayoweza kulipia leo, siyo kwa ukubwa wa banda.

Dodoma pia ina kalenda yake ambayo mgeni wa biashara haioni. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kuna Bunge la bajeti: nyumba za wageni hujaa, migahawa hujaa, bodaboda hawapumziki. Anayefungua mgahawa mwezi wa tano akapanga kodi na wafanyakazi kwa mauzo ya mwezi huo, mwezi wa nane atashangaa. Ng'ong'ona na maeneo yote yanayokizunguka Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hupungua watu wanafunzi wanapokwenda likizo ndefu, hadi Oktoba. Watumishi hununua kwa wingi wiki ya mwisho ya mwezi na kukopa wiki ya tatu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na vijijini hela hutoka kwa mavuno. Duka la pembejeo huko Kongwa au Bahi linalokopesha Desemba lisitarajie kulipwa Februari. Chukua mauzo ya mwezi mbaya kuliko yote kwa mwenzako aliyekutangulia, ndiyo uyatumie kupangia kodi.

Kuhusu sheria tuseme machache. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato (TRA), usimlipe mtu. Jina la biashara litafutwe kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwanza ndipo uchapishe lebo na bango. Leseni za biashara ndogo nyingi hutoka halmashauri. Anayesindika chakula aende Shirika la Viwango (TBS), maana tangu mwaka 2019 kazi ya kusajili majengo ya chakula ilihamia huko, na apitie shirika la viwanda vidogo, SIDO, ambako wasindikaji wadogo huelekezwa namna ya kufikia viwango.

Mambo mawili ya kodi huwapiga wapya bila taarifa. La kwanza, mauzo ya milioni 11 kwa mwaka, ambayo ndiyo kiwango cha kutakiwa kuwa na mashine ya kutolea risiti, EFD, ni wastani wa shilingi 30,000 tu kwa siku. Karibu kila duka lenye mzigo wa maana linafika hapo, na kodi ya makadirio hupimwa kwa mauzo, siyo kwa faida. Duka la faida ya asilimia 10 na saluni ya faida ya asilimia 60 hupimwa kwa kipimo kimoja. Daftari ndilo linalokusaidia kusema mauzo yako ya kweli ni yapi. La pili, mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Kwa frem ya 900,000 ni 90,000. Wengi humpa mwenye nyumba hela yote, halafu wanadaiwa 90,000 wanazotoa mfukoni. Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo kwamba kodi hiyo imo ndani ya 900,000, mwenye nyumba apokee 810,000 na risiti ya TRA ya kiasi kilichobaki.

Kupitia gazeti lako tuna maombi mawili. La kwanza ni kwa wenye frem: pokeeni kodi ya miezi mitatu kwa mpangaji anayeanza. Frem inayokaa tupu miezi miwili ikisubiri mwenye kodi ya miezi sita imekwisha kuwapotezea theluthi ya hiyo miezi sita, na mpangaji mwenye mzigo wa kutosha atawalipa miaka.

La pili ni kwa halmashauri zetu. Mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilirejea mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka 2023, na kwa wengi ndiyo njia pekee ya kukwepa kausha damu. Tunaomba maofisa maendeleo ya jamii wa kata, kabla ya kupitisha andiko la kikundi, wadai ukurasa mmoja tu: gharama za siku, faida kwa kila kipimo kinachouzwa, idadi ya siku mzigo unazozunguka, na mwezi ambao hela ya kwanza itaingia. Na marejesho yaanze baada ya mwezi huo. Kikundi cha alizeti kipewe fedha kabla ya Mei, mbegu zikiwa shambani, kwa sababu kikizipata Novemba kitakuwa kimepewa deni la kununulia mbegu za bei ya juu, na kikundi cha kuku wa mayai kisidaiwe shilingi kabla ya wiki ya 20.

Washauri wa hesabu za biashara ndogo,
Dodoma